Baiskeli chakavu za Dodoma: tuziyeyushe au tuzifufue?

Kwenye mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu, baiskeli haina jina. Haiulizwi kama ni Phoenix au Hero, wala kama fremu yake imenyooka au imepinda. Inavuliwa tairi na tandiko, inaning'inizwa kwenye ndoano, mshale unasoma kilo 16, hela inahesabiwa, kisha inarushwa juu ya rundo la mabati yenye kutu na springi za magari kusubiri lori. Nimesimama mbele ya mizani ya namna hiyo mara kadhaa hapa Dodoma, na kila mara nimeona likipita juu ya ndoano fremu ambalo lingeweza kubeba maji miaka mingine 20.

Nayaandika haya kwa sababu ya kikao cha mtaa nilichohudhuria, ambapo ilijadiliwa mirundo ya vyuma na vijiwe vya mafundi baiskeli vilivyo pembezoni mwa barabara. Mjumbe mmoja alisimama akasema kwamba baiskeli iliyokwisha imekwisha, iende kiwandani ikawe nondo, na kwamba anayeifufua anamuuzia mwenzake ajali. Alipigiwa makofi mengi. Fundi aliyekuwa amekaa karibu yangu aliinamisha kichwa, hakuomba kuongea.

Hoja ya mjumbe yule ina nguvu, tena si ya mzaha. Mji huu unajengwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 katika iliyokuwa manispaa. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000 katika jiji. Serikali imehamia, mji wake wa ofisi kule Mtumba umesimama, na kuanzia Nzuguni hadi Mkonze kila ukigeuka kuna msingi umechimbwa. Nondo zinatakiwa, na chuma chakavu kinapoyeyushwa kinahitaji nishati ndogo sana kuliko kuchimba mawe ya chuma na kuyachoma upya. Chuma kinayeyuka mara nyingi bila kupoteza asili yake. Kijana anayezunguka na mkokoteni kuokota vyuma naye analipwa siku hiyohiyo, hangoji mteja wa kuja kuchagua rangi. Hayo yote ni kweli.

Na hilo la ajali nalijua kwa mwili wangu. Niliwahi kununua baiskeli iliyofufuliwa, imepakwa rangi nyeusi inang'aa, nikafurahi nayo wiki tatu hivi. Siku ya ishirini na kitu nikiwa kwenye mteremko, foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ikakatika. Aliyeitengeneza alikuwa amechomelea ufa, akausawazisha kwa msasa, akapaka rangi juu. Nilivunjika mtulinga, nikakaa na mkono shingoni wiki sita. Kwa hiyo mtu akiniambia baiskeli kuukuu zinaumiza watu, simbishii.

Lakini hebu tuipige hesabu ya nondo yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyopigiwa makofi. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12, ile inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, ina uzito wa kilo 10.7 hivi. Baiskeli iliyovuliwa mpira, ikiwa na kilo 16, hata usipohesabu kinachopotea kwenye tanuri, inakupa nondo moja na nusu. Basi. Nyumba ndogo yenye mzunguko wa mita 40, ukipitisha nondo 4 kwenye lenta yake, inakula mita 160, yaani nondo 13 na kitu. Maana yake tumeyeyusha baiskeli 9 kufunga lenta ya nyumba moja, na bado hatujagusa nguzo wala slabu. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi nikidhani nimekosea mahali. Baiskeli 9! Kuna vitongoji vya Bahi na Chamwino ambako baiskeli 9 nzima ndizo usafiri wa kitongoji.

Sasa ichukue moja tu kati ya hizo 9, usiiyeyushe. Ifungie karia imara, ifungie madumu 4 ya lita 20. Hiyo ni kilo 80 za maji. Mama ambaye kisima chake kiko kilomita 3, na kiangazi chetu kinaanza Mei mpaka mvua zinaporudi Novemba au Desemba, akibeba dumu moja kichwani atahitaji safari 4 kupata maji hayohayo. Kwenda na kurudi ni kilomita 6, mara 4 ni kilomita 24. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa anatumia saa 6 juani. Akiwa na baiskeli, hata kama hajui kuiendesha, hata akiisukuma tu kama wengi wanavyofanya, ni safari moja, saa moja na nusu. Saa 4 na nusu zinarudi mikononi mwake. Na wala maji hayachotwi kila siku kwa kiasi hicho. Gawanya safari hizo upendavyo kwa wiki, tofauti inabaki ileile: mwenye baiskeli anatembea robo ya mwendo. Ndani ya saa hizo kuna palizi ya uwele, kuna mtoto wa kike ambaye hakuvutwa nje ya darasa kwenda kumsaidia mama yake. Mizani ya ndoano haina pa kuyasomea hayo.

Kuna watakaosema bodaboda imemaliza hoja. Imesaidia, hasa usiku na kwa mgonjwa. Ila bodaboda inataka mafuta kila inapowashwa, na kwa kazi ya maji, mkaa na kupeleka debe la mahindi mashineni, hela ya mafuta ndiyo ileile hela ya chakula.

Tuje kwenye kijiwe. Mzee ninayempelekea kazi anakaa chini ya mwarobaini, ana bomba la pampu lililofungwa kwa mpira, beseni la dizeli na pipa la spea. Anaamkia wateja kwa "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na mimi ananiita mwanangu ingawa nina mvi. Wiki iliyopita nilimkuta akifungua baiskeli iliyolala nje ya nyumba miaka mingi. Zile pini za krenki alikuwa amezilowesha dizeli tangu jana yake, akaegemeza krenki kwenye kipande cha mninga ndipo akagonga. Pini ikatoka nzima. Pedali ya kushoto aliifungua kinyume na ya kulia, kwa sababu upande huo hesi zake zimekatwa kinyume ili mguu unapokanyaga isijifungue. Kijana asiyelijua hilo hulazimisha mpaka anaharibu krenki. Akamwaga gololi za kitovu cha pedali kwenye kiganja, 11 kila upande, akazibiringisha moja moja kwa kidole gumba akitafuta zenye vishimo. Nne akazitupa.

"Hii ya kwenye vumbi ya Hombolo," akasema, "imekauka, haikuoza. Zinazotoka pwani huwa zimeliwa ndani."

Hapo ndipo penye jambo ambalo kikao hakikulisikia. Dodoma ni pakavu, mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600 na yote inanyesha ndani ya miezi michache. Kutu ya huku mara nyingi ni ya juu juu. Kinachoua baiskeli huku ni mbigili na jua: tyubu inajaa pancha, tairi linapasuka nyuzi, mwenye nayo anachoka, anaiegemeza ukutani, watoto wanaipanda mpaka spoki zinaisha. Fremu lenyewe linakuwa bado lina uhai. Yale mabaiskeli meusi ya zamani yana mabomba yaliyochomekwa ndani ya viungo vya chuma na kuunganishwa kwa brasi, kazi ambayo ukiikuta haijachezewa unaweza kuiamini.

Na namna ya kujua kama inaaminika ipo, wala haihitaji mashine. Mzee anageuza fremu juu chini, anagonga kwa ncha ya msumari pale bomba la tandiko linapokutana na kitovu cha pedali, kwa sababu maji hutuama hapo. Likibonyea, fremu ni la mizani. Halafu anafunga uzi pale kwenye fremu inapokaa ekseli ya nyuma, anauzungusha kichwa cha usukani na kuurudisha upande wa pili, anapima kutoka uzi hadi bomba la tandiko kulia na kushoto. Vipimo visipolingana, fremu limepinda. Foku lenye ufa halichomelei. "Foku nikilichomelea leo, kesho nitaitwa msibani," ndivyo alivyoniambia nilipomsimulia mtulinga wangu. Aliyeniumiza mimi alikuwa mchomeleaji mwenye rangi nzuri. Sioni kwa nini kosa lake limwangukie mzee huyu.

Nakubali pia kwamba si kila baiskeli inafaa kuokolewa. Zile za mtumba zenye gia nyingi, magurudumu ya vipimo vya huko zilikotoka, ni mzigo kwa mtu wa Mpwapwa vijijini: tairi lake hulipati mnadani, na kipande kidogo cha kubadilishia gia kikivunjika baiskeli nzima inakaa. Hizo zikiondolewa spoki na breki zinazofaa, zilizobaki ziende kwenye lori, sitalia. Lakini ile ya rimu la 28 kwa 1½, yenye spoki 40 nyuma na 32 mbele, muundo wake haujabadilika tangu enzi za babu zetu. Tatu mbovu zinatoa mbili nzima.

Limebaki la wizi, na hili wengi hulitaja kwa kunong'ona. Ni kweli baiskeli ya wizi hupitia kijiweni ikabadilishwa rangi. Ila mfikirie mwizi: akitaka kupoteza ushahidi, wapi ni salama zaidi kwake, kwa fundi anayeiacha namba ya fremu palepale ilipogongwa, au kwenye tanuri? Wafanyabiashara wa chuma chakavu wanatakiwa wawe na kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira, na bado alama za barabarani na vyuma vya nguzo za umeme vimekuwa vikiibwa kwa ajili ya mizani. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu kwa wote wawili. Tofauti ni kwamba kwa fundi daftari linawezekana: namba ya fremu, jina la muuzaji, sahihi ya mwenyekiti wa mtaa. Mzee wangu analo, daftari la shule lenye mistari, limechafuka grisi.

Ninachokitaka kwa jiji ni kidogo. Mafundi wapewe sehemu yao ya kudumu badala ya kufukuzwafukuzwa kandokando ya barabara, na waruhusiwe kupita kwenye rundo la mnunuzi wa vyuma kabla lori halijaja, wachague fremu kwa bei ya kilo ileile. Mnunuzi hapotezi shilingi. Nimelijaribu mwenyewe: Alhamisi nimenunua mafremu mawili ya Phoenix kwenye rundo, nikalipa bei ya mizani, nikayapeleka chini ya mwarobaini. Moja msumari umezama karibu na kitovu, limerudi kwa mnunuzi siku ileile. La pili limepita kwenye uzi, limeandikwa daftarini, linaning'inia mtini likisubiri foku zima.