Uvimbe wa pajani: kisu leo au sindano kwanza?

Mtu wa Kayole, Nairobi, akiota uvimbe pajani usiomuuma, jirani atamwambia ni mafuta tu. Mara nyingi jirani hakosei, kwani uvimbe wa mnofu usio na madhara hupatikana mara 100 au zaidi kuliko ule wa saratani. Ndiyo maana kliniki ya mtaa humchoma ganzi, ikautoa mchana uleule. Kazi ipo kwa yule mmoja mwenye sarkoma, yaani saratani ya mnofu.

Wanaotetea kisu cha haraka wana hoja. Picha ya MRI (ya mashine ya sumaku, ionyeshayo ndani ya mwili) ni maelfu ya shilingi, na kibarua akipoteza siku tatu kwenye foleni za Hospitali ya Kenyatta, nyumbani hakupikwi. Tena sarkoma za mnofu ni kama asilimia 1 tu ya saratani za watu wazima. Kila kinundu kikipelekwa kwa bingwa, foleni hizohizo zitaziba.

Lakini ugonjwa huu una hila. Unapokua husukuma nyama za kando zikashikana kama ganda, hata daktari akipasua, uvimbe unabanduka kama njugu. Anajipongeza. Kumbe ganda lile lina seli za saratani, na damu ya jeraha imeshazisambaza. Upasuaji wa pili huwa mkubwa kuliko ule ambao ungetosha mwanzoni, na mionzi hupigwa eneo pana zaidi. Mkato uliokingama paja huongeza balaa. Mabingwa hukata kwa kufuata urefu wa mguu, na hata tundu la sindano ya kuchukua kipande cha kupimwa hulichagulia mahali ili baadaye litolewe pamoja na uvimbe.

Eti sindano "huamsha" saratani! Maneno hayo utayasikia hata kwenye matatu. Mimi naogopa kisu cha kubahatisha.

Kwangu, uvimbe uliozidi sentimita 5 (ndimu nono hivi), uliojificha ndani ya msuli, au unaokua mbio, upigwe picha kisha uchukuliwe kipande kwa sindano nene, foleni iwe ndefu namna gani. Kile kidogo cha chini tu ya ngozi kitolewe hukohuko Kayole, mradi chote kipelekwe maabara. Na ada ya maabara iingizwe kwenye bei ya upasuaji tangu mwanzo, maana mgonjwa akiulizwa pembeni kama ataiweza, atasema kitupwe.