Kijani cha Tyubu Hakifai Bonde la Lushoto

Mchoraji anayeketi kwa mara ya kwanza kwenye mteremko wa Usambara Magharibi, akiwa na turubai tupu na rangi za mafuta, mara nyingi hukosea mapema kabisa: hufungua tyubu ya kijani. Nami nilifanya hivyo kwa miaka kadhaa, na kila picha niliyorudi nayo kutoka Lushoto ilifanana na zulia la plastiki. Siku hizi nashikilia kwamba anayetaka kuchora bonde la milimani aiache tyubu hiyo nyumbani, kijani chake akichanganye hukohuko.

Hata lugha yetu inatahadharisha. Tunasema kijani kibichi, tunasema chanikiwiti, lakini majina hayo yanahusu jani lililo mkononi, si msitu ulio ng'ambo ya bonde. Mgomba ulio hatua kumi mbele yako una manjano ndani yake. Mikaratusi iliyo kando ya shamba la kabichi imeelekea kijivu kuliko tunavyopenda kukubali. Na mlima wa mwisho, ingawa nao umefunikwa na miti, ni wa samawati. Kinachoubadilisha ni hewa iliyo katikati, ambayo hutawanya mwanga wa buluu kuelekea machoni mwetu na kufifisha tofauti ya mwanga na kivuli, jambo ambalo Leonardo da Vinci aliliandikia takriban miaka 500 iliyopita. Ukisimama Irente, ambako mlima unakatika ghafla na tambarare ya Mazinde kuonekana chini kabisa, huhitaji kusoma maandishi yake ili umwamini.

Kwa hiyo mimi hubeba rangi nne tu: nyeupe, manjano ya udongo, buluu ya ultramarini na nyekundu iliyokolea. Buluu na manjano hayo hutoa kijani kilichotulia, chembe ya nyekundu hukipunguzia ukali, na kadiri ninavyoongeza nyeupe na buluu ndivyo vilima vinavyorudi nyuma.

Wapo wanaonishauri nitumie akriliki, rangi inayochanganywa kwa maji, kwa kuwa hukauka upesi, nami naikataa kwa sababu hiyohiyo. Ukungu wa Lushoto hushuka ukafuta kilima ambacho umekwisha kukichora, kisha ukaondoka na kukuachia mwanga mwingine. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji, bali mafuta yake hukamata oksijeni ya hewani na kuganda polepole, hivyo hata jioni ukingo wa kilima unaweza kulainishwa kwa kidole. Inadai utaratibu, lakini: tabaka za chini ziwe nyembamba, zenye tapentaini, na za juu ziwe na mafuta zaidi, la sivyo picha itapasuka baadaye. (Rangi ya mafuta ya duka la vifaa vya ujenzi ni kitu kingine. Edward Saidi Tingatinga na wanafunzi wake waliifanyia maajabu, ila mng'ao wake haupatani na ukungu.)

Picha ya simu nayo siitegemei, kwa sababu huvitia vivuli weusi mtupu pale ambapo jicho linaona zambarau na buluu.

Kuna mahali pamoja ambapo msimamo wangu hulegea. Mahindi machanga yakipigwa na jua baada ya mvua huwa na kijani ambacho rangi zangu nne hazijawahi kukifikia, na zaidi ya mara moja nimelazimika kumwomba mwenzangu tyubu yake.