Wikendi ya majani kupukutika, bandikeni sufuria moja tu

Wikendi ninayoipenda kuliko zote kwa mwaka mzima ni ile ya katikati ya msimu wa majani kupukutika, baridi imeshaanza kuuma asubuhi ila bado haijawafungia watu ndani, giza linaingia mapema, na wa nyumbani wote wapo. Na msimamo wangu ni huu: wikendi hiyo msipange kitu. Hamna safari, hamna mizunguko ya madukani. Bandikeni sufuria moja asubuhi mle jioni, hapo katikati kaeni tu pamoja.

Sufuria ya nini? Ya nyama ngumu, shingo au muundi, ile ambayo ukiiharakisha utaitafuna mpaka taya ziume. Ipe moto mdogo kwa muda wa saa 3 au 4, ile mishipa nyeupe migumu ina kitu kinaitwa kolajeni, na kolajeni ikipata joto la taratibu inageuka jelatini, ndo maana mchuzi unakuwa mzito unanata midomoni wakati hujaweka hata kijiko cha unga. Ukiongeza moto hujasaidia kitu, unaikausha nyama tu. Yaani ni chakula ambacho lazima ukisubiri, na kwenye kusubiri ndo familia inakutana.

Chukua vitunguu peke yake. Vitunguu vya kugeuka kahawia vizuri, vitamu, vinataka nusu saa na zaidi, mtu amesimama na mwiko anageuza geuza visiungue. Mwaka jana tulimpa mdogo wangu kazi hiyo. Alikuwa kimya karibu mwezi mzima, ukimpigia simu anajibu "niko poa" basi. Sasa pale jikoni, katupa mgongo, macho kwenye sufuria, akaanza kuongea mwenyewe kwamba ameacha kazi na hajui aanzie wapi. Hakuna aliyemuuliza. Mama akaendelea kumenya karoti, akamwambia tu "punguza moto mwanangu, endelea", na akaendelea kweli. Mimi naamini kabisa kwamba mezani ana kwa ana asingesema, alisema kwa sababu mikono ilikuwa na kazi na hakuna aliyekuwa anamkodolea macho.

Watoto wape boga. Lipasue wewe, kisu na ganda gumu si mchezo wa mtoto, wao wachimbe mbegu kwa vidole, wazioshe, wazikaushe kwenye kitambaa halafu zipigwe mafuta kidogo na chumvi ziingie kwenye oveni mpaka zianze kupasuka pasuka. Zinaliwa zikiwa bado za moto kabla hata ya chakula chenyewe na hakuna atakayekumbuka simu iko wapi.

Ila kuna kitu nakikataa kabisa, mama au bibi kusimama jikoni siku nzima halafu sisi wengine tunaitwa mezani chakula kikiwa tayari. Hapo mmepumzika nyie, yeye hajapumzika. Kila mtu ashike kitu, hata kama ni kuponda viazi au kuosha vyombo huku wengine wanapika, na vijana wa kiume wasisubiri kuambiwa. Hili kwangu halina mjadala, maana wikendi nyingi sana za utotoni nakumbuka harufu ya chakula vizuri ila mama simkumbuki akiwa amekaa.

Walioko nchi nyingi za Ulaya wana bahati yao, Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma kwa hiyo siku inakuwa na saa 25, mimi hiyo saa ya ziada ningeipa kitanda bila kufikiria mara mbili.

Halafu Jumapili kuna kiporo! Mchuzi uliolala ni mtamu zaidi, viungo vinakuwa vimeingia mpaka ndani ya nyama, na ukiutoa kwenye friji umeganda kama jeli, ile jelatini ya jana hiyo. Msiuache mezani usiku kucha lakini, ndani ya saa 2 uwe umeshaingia kwenye friji, ugaweni kwenye vyombo vidogo upoe haraka. Sisi tuliupasha saa tano asubuhi, watu bado na nguo za kulalia, vioo vya madirisha vimejaa mvuke, na mdogo wangu ndiye aliyekuwa anapakua.