Ghala Kijijini: Kibali Hutolewa kwa Kuta, Adha Huletwa na Malori

Pingamizi dhidi ya ujenzi wa maghala makubwa vijijini zinasikika katika nchi nyingi, na karibu kila mahali wakazi husema yale yale: malori yatakuwa mengi, barabara ni nyembamba, usingizi utapotea, mashamba yatafunikwa kwa zege. Majibu ya upande wa pili nayo yanafanana. Ajira zitakuja, halmashauri itapata kodi, na bidhaa ambazo wakazi wenyewe wanaziagiza kwa simu lazima zihifadhiwe mahali fulani kabla ya kuwafikia. Ninaona kwamba pande zote mbili zina hoja za kweli, lakini mara nyingi zinabishana juu ya jengo, ilhali kinachobadilisha maisha ya kijiji ni matumizi ya jengo hilo, na matumizi hayo kwa kawaida hayajulikani siku kibali kinapoombwa.

Kwanza tuwe wa haki kwa wenye maghala, kwa sababu hawaendi vijijini kwa ukorofi. Ghala la kisasa linataka kiwanja kikubwa, tambarare, chenye wamiliki wachache wa kujadiliana nao, na kilicho karibu na barabara kuu. Mjini ardhi ya namna hiyo ama imekwisha au bei yake haishikiki. Kuna pia suala la saa za dereva. Katika nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza, dereva wa lori haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 4 na nusu bila kupumzika dakika 45, kwa hiyo mwenye biashara hutafuta mahali ambapo wateja wengi wanaweza kufikiwa ndani ya muda huo. Ndiyo sababu maghala yamesongamana katika kaunti za Leicestershire na Northamptonshire, katikati ya Uingereza, likiwamo eneo la Magna Park karibu na mji mdogo wa Lutterworth, lililojengwa juu ya uwanja wa zamani wa ndege. Kule Marekani, bandari za Los Angeles na Long Beach zimezaa maghala zaidi ya 4,000 katika kaunti za Riverside na San Bernardino, sehemu ambazo zamani zilijulikana kwa michungwa na ng'ombe wa maziwa. Waholanzi wamelitungia jambo hili neno, verdozing, kutoka doos, yaani sanduku: hali ya nchi kujaa masanduku.

Hoja nzito kuliko zote ni barabara, na inafaa kuitazama kwa karibu. Lori lenye trela linaloruhusiwa Ulaya lina urefu wa mita 16.5 na upana wa mita 2.55 bila kuhesabu vioo vya pembeni. Njia ya kijijini yenye upana wa mita 5 haiwezi kupitisha malori mawili yanayokutana. Hesabu yenyewe inakataa hata kabla ya kufika kwenye mtaro. Kwenye kona mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu magurudumu ya trela hayafuati alama ya magurudumu ya mbele bali hukata kona kwa ndani. Mtu akisimama kwenye njia panda ya namna hiyo ataona kichwa cha lori kikitanuka hadi upande usio wake, gari dogo linalokuja likilazimika kurudi nyuma, na matairi ya mwisho ya trela yakipanda juu ya nyasi na kumega ukingo wa mtaro. Lori la kwanza huacha alama ya tope. Baada ya wiki chache ukingo umekuwa shimo, maji ya mvua yanaingia chini ya lami, na mtembea kwa miguu aliyekuwa akikanyaga nyasi zile hana tena mahali pa kukanyaga.

Uharibifu huo una kanuni inayojulikana na wahandisi tangu majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Ottawa, katika jimbo la Illinois, kati ya 1958 na 1960. Majaribio yale yalionyesha kwamba madhara ya ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu, kwa barabara huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli yenye mzigo mara mbili huumiza barabara mara 16; ekseli ya tani 10 huiumiza mara 10,000 kuliko ya tani 1. Kipeo chenyewe hubadilika kulingana na unene na aina ya barabara, lakini mwelekeo haubadiliki, nao unaeleza kwa nini mkazi anayeona malori machache tu yameongezeka anaweza kuwa sahihi kabisa anapolalamika kwamba barabara yake inakufa. Mwekezaji kwa kawaida hulipia kupanua makutano mara moja, mwanzoni. Ukarabati wa miaka inayofuata hubaki kwa mamlaka ya barabara, maana yake kwa walipa kodi, na gharama hiyo ni nadra kuitwa kwa jina lake pale kodi ya ghala inapotajwa kama faida.

Makadirio ya magari nayo yanahitaji jicho kali. Tuchukue mfano wa ghala linalopokea malori 200 kwa siku. Kila lori huingia na kutoka, kwa hiyo ni safari 400, sawa na lori moja kila baada ya dakika tatu na nusu hivi, usiku na mchana. Mwandishi wa ripoti akizilinganisha safari hizo na barabara kuu yenye magari 20,000 kwa siku, ataandika kwamba ongezeko ni asilimia 2, na hatakuwa amesema uongo. Akizilinganisha na njia ya kijiji yenye magari 800 kwa siku, ongezeko ni asilimia 50, na yote ni magari mazito. Takwimu zote mbili ni sahihi. Kinachoamua ni barabara gani imechaguliwa kuwa kipimo. Kama ningekuwa na nafasi ya kuuliza swali moja tu katika kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi, ningeuliza hilo.

Kelele zina tatizo la aina hiyo hiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa Ulaya, wa 2018, unapendekeza kelele za barabarani usiku zisizidi wastani wa desibeli 45. Wastani ni kipimo kizuri kwa barabara ya mjini yenye mngurumo usiokoma, lakini kijijini usiku ni kimya, na king'ora cha lori linalorudi nyuma saa nane usiku humwamsha mtu bila kuusogeza wastani huo kwa kiasi cha kuonekana. Zaidi ya hayo kuna trela za baridi, ambazo zina injini yao ndogo ya kupoza mzigo. Lori likizimwa, injini hiyo huendelea kunguruma dereva akiwa amelala. Suala la moshi halihitaji maneno mengi: mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu vilivyothibitishwa.

Hata hivyo, si kila pingamizi lina uzito huo, na anayewatakia wakazi mema awaambie ukweli. Hoja kwamba ghala ni sanduku baya linaloharibu mandhari inaeleweka, ila ni vigumu kuifanya ishinde peke yake mbele ya kijana asiye na kazi ambaye angeajiriwa humo. Hofu ya mafuriko ni ya kweli, kwani paa la hekta 5 likinyeshewa milimita 40 humwaga lita milioni 2 za maji ambazo awali zingezama shambani. Lakini hofu hiyo ina dawa, nayo ni bwawa la kuzuia maji lenye ukubwa unaostahili na mtu anayewajibika kulisafisha. Kuna pia wanaopinga kila kitu, wakitaka ghala lijengwe kwa wenzao. Mzigo ukihamishiwa mbali zaidi na barabara kuu, malori yatatembea kilomita nyingi zaidi, na kijiji kingine, pengine chenye sauti ndogo zaidi, kitabeba kile ambacho cha kwanza kilikikataa. Wanaojua kuandika barua nzuri na kulipa wakili hushinda. Wasiojua huletewa ghala. Jambo hilo linanisumbua kuliko kelele.

Kuhusu ajira, ahadi zichukuliwe kwa uangalifu, bila kuzibeza. Ghala la kuhifadhi bidhaa kwa muda mrefu linaweza kuendeshwa na watu wachache na foklifti kadhaa. Kituo kinachofungasha vifurushi vya wateja wa mtandaoni huajiri watu wengi, lakini pia huita malori na magari madogo mengi zaidi, na wafanyakazi wa zamu ya usiku huja kwa magari yao kwa sababu vijijini hakuna mabasi saa hizo. Kwa maneno mengine, ajira na msongamano mara nyingi hupanda pamoja, na mwekezaji anayeahidi ajira nyingi katika ukurasa mmoja na malori machache katika ukurasa mwingine anapaswa kuulizwa ni ghala la aina gani hasa analojenga.

Mara nyingi hawezi kujibu, na hapo ndipo kiini cha mgogoro kilipo. Maghala mengi hujengwa kabla mpangaji hajapatikana. Kuta ni zile zile, milango ya kupakulia ni ile ile, lakini mpangaji wa matairi na mpangaji wa vifurushi wana mahitaji tofauti kabisa ya malori. Mkazi anaombwa akubali kitu ambacho hata mjenzi hakijui, na mpangaji akiondoka baada ya miaka mitano, anayefuata anaweza kuleta maisha mengine chini ya kibali kile kile.

Njia ya kutoka hapo imeshaanza kujaribiwa. Mei 2021, mamlaka ya hali ya hewa safi ya eneo la Los Angeles ilipitisha kanuni inayowabana waendeshaji wa maghala yenye ukubwa wa futi za mraba 100,000 au zaidi, yaani zaidi kidogo ya mita za mraba 9,000. Wajibu wa kila mwaka hukokotolewa kwa idadi ya safari za malori yanayofika, na mwendeshaji huutimiza kwa mfano kwa kutumia malori ya umeme au kufunga chaja, la sivyo hulipa ada. Chama cha wasafirishaji wa California kiliipeleka kanuni hiyo mahakamani, na Desemba 2023 mahakama ya shirikisho iliiacha isimame. Septemba 2024, Gavana Gavin Newsom alisaini sheria ya jimbo zima inayotaka miji ichore njia za malori, na inayoweka umbali kati ya milango ya kupakulia ya maghala mapya makubwa na nyumba, shule au hospitali, wa futi 300 au 500 kulingana na aina ya eneo. Watetezi wa mazingira waliona ni hatua ndogo mno, na serikali za miji nazo zililalamikia gharama. Mimi naona kanuni ya 2021 ndiyo yenye funzo kubwa zaidi, kwa sababu inamfuata anayeendesha ghala kila mwaka na haiishii kwa aliyelijenga.

Kibali cha ghala kijijini kingeweza kuandikwa kwa mtindo huo: kikomo cha safari za malori kwa siku na kwa usiku, njia moja iliyotajwa, mchango wa kila mwaka wa ukarabati unaopanda kadiri malori yanavyoongezeka, na maombi mapya kila mpangaji anapotaka kuzidisha kikomo. Mwekezaji atasema benki haipendi masharti yanayoweza kumkimbiza mpangaji, na hoja hiyo ni halali. Lakini hasara anayoiogopa yeye ndiyo ile ile ambayo sasa anabebeshwa mkazi bila kuulizwa. Kamera ya kuhesabu malori getini si kifaa cha ajabu. Hesabu yake ikibandikwa kila mwezi mahali pa wazi, anayeishi kwenye kona ile ya mtaro uliomegeka ataweza kuilinganisha na namba iliyoandikwa kwenye kibali, na ikizidi, atajua ni ofisi gani ya kuipeleka.