Baroni mwenye spana

Kabla hamjaendelea kutumiana ile voisi ya dakika nne, ile ya mimi nikisimulia sinema, nisikilizeni na mie mwenye msiba. Kwanza, mnaosema nililia: sikulia. Liliniingia vumbi la mkanda wa filamu.

Ugonjwa wangu mnaujua: sinema kongwe za Kifini, na juu ya zote Kulkurin valssi (yaani dansi ya valsi ya mzururaji) ya mwaka 1941, waigizaji Tauno Palo na Ansa Ikonen. Baroni anapigana, anakimbia, anageuka mzururaji, mwisho anaajiriwa kwenye jumba la wakubwa na kumpenda binti wa humo. DVD ninayo, bango ninalo. Mkanda wenyewe ndio ulioninyima usingizi. Juzi, kwenye mtumba hapa Tampere, Ufini, nikaona kopo la filamu limeota kutu, lebo imefutika, limebaki neno moja: valssi. Yuro 90. Sikuuliza. (Mnaojua Kifini, nyamazeni kwanza.)

Jumamosi nikaalika watu saba, nikapika pilau. Projekta ya kuazima, spika yake imekufa. Nikasema nitasimulia mwenyewe. Bibi jirani, Mfini wa miaka themanini na ushee, kaja na leso yake kabisa.

Taa zikazimwa. Kiwanda. Nikasema, "Huu utangulizi." Akatokea mwanamume kavaa ovaroli, spana mkononi. Nikameza mate. "Huyo ndiye baroni. Kajificha, anajifanya kibarua." Watu wakaitikia, aaah. Baroni akainama, akafungua nati. Ya pili. Ya tatu. Akaipangusa grisi taratibu, kwa mahaba. Rafiki yangu akaninong'oneza, "Kaka, binti anatoka saa ngapi?" Subiri, nikamwambia. Nati ya nne. Likaja dude la chuma, refu, la mviringo, likaanza kuzunguka, linang'aa. Nikalinyooshea kidole, na siwezi kukana kwa sababu nimerekodiwa, nikasema: "Sasa wanaanza kucheza."

Bibi akanigusa bega. "Ni valssi kweli," akasema. "Ya kusukumia vyuma."

Kumbe Kifini neno ni hilo hilo moja: dansi, na rola la kiwandani. Yuro 90 nimenunua somo la mafundi mitambo.

Pilau ikaliwa, bibi akaitumia leso yake kwa kucheka, nikarudisha projekta, sasa kila nikipita naitwa Baroni.

Jana muuzaji kapiga simu. Sehemu ya pili anayo, yuro 40. Nimemwambia aniwekee.