Chini ya Foleni ya Pasipoti

Wiki jana nilimsindikiza binamu yangu kutoka Voi kuchukua pasipoti Nyayo House, Nairobi. Tulipotoka, bahasha bado kaikumbatia kifuani, akaniuliza: "Na huku mjini kuna nini cha kuona?" Nikaanza na KICC, lile jumba refu la mikutano, kama kawaida yetu. Panda hadi juu, uone jiji lote. Halafu ulimi ukanikwama, maana tulikuwa tumesimama mlangoni pa jengo ambalo ndilo ningepaswa kumwonyesha kwanza.

Chini ya Nyayo House kuna seli. Miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu waliletwa humo wamefungwa macho: wanafunzi wa chuo kikuu, walimu, mawakili, wakulima, wakidaiwa ni wa Mwakenya, kundi la siri lililopinga serikali ya Moi. Walivuliwa nguo, seli zikatiwa maji, wakasimama humo siku baada ya siku mpaka ngozi ya miguu ikabambuka. Walipandishwa kwa lifti kuhojiwa ghorofa za juu, wakarudishwa majini. Katikati hapo, wananchi walikuwa kwenye foleni na fomu zao mkononi, wakisubiri kuitwa.

Mwaka 2003 milango ilifunguliwa, na baadhi ya waliopona wakashuka tena wakiwa huru. Miaka zaidi ya 20 imepita, na bado si mahali ambapo mwalimu anaweza kupeleka darasa lake.

Sawa, nakubali, ni ofisi ya serikali inayofanya kazi, na usalama ni usalama. Lakini jirani yake ni ile ofisi ya zamani ya PC, mkuu wa mkoa, nyumba ya mawe ya 1913, ambako waliandikisha vizazi, ndoa na vifo, na leo unakata tikiti ukatazame hazina za sanaa za Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais. Kama hapo tumeweza, mlango mmoja wa pembeni na ngazi za kushukia vinatushinda nini? Archives, nyumba ya kumbukumbu za taifa, nayo iko wazi, jengo la benki la 1906, ila sisi tunapeana miadi nje yake miaka nenda miaka rudi bila kuingia. Hilo ni kosa letu wenyewe. La seli si letu.

Nilimsimulia binamu tukingoja kuvuka Uhuru Highway. Taa zikaturuhusu, hakuvuka. Aligeuka, akalitazama lile jengo kuanzia juu, taratibu, mpaka chini.

"Mlango wa kushukia uko wapi?"

Sikuwa na wa kumwonyesha.