Nezha kapewa baba mwema mno

Kuna ukurasa wa riwaya ya Kichina ya Fengshen Yanyi ambao ukishausoma hautoki kichwani. Nezha, mtoto wa miaka saba, anashika upanga, anajikata mkono, kisha anajipasua tumbo mwenyewe. Mwili alipewa na wazazi, basi anaurudisha: nyama zenu na mifupa yenu hii hapa, tusidaiane.

Riwaya ni ya enzi ya Ming, karne ya 16, na balaa lote linaanza kwa kuoga. Siku ya joto mtoto kaingia majini na mtandio wake mwekundu, kautikisa, na jumba la Mfalme wa Majoka chini ya bahari likayumba. Anatumwa askari kuuliza kulikoni, anauawa. Anakuja mwana wa mfalme, Ao Bing, naye anauawa, na Nezha anamchomoa ukano ili amtengenezee baba yake mshipi. Zawadi gani hiyo! Majoka wanapokuja kudai kisasi kwa wazazi, mtoto anaona njia ya kuwaokoa ni moja tu: kujiua.

Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, na wafuasi wake walifundisha kwamba mwili, hata nywele, ni amana ya wazazi, na kuutunza ndio mwanzo wa kuwaheshimu. Nezha anaigeuza amana kuwa deni, halafu analilipa. Sisi tuliolelewa kwa hofu ya kukosa radhi hatuhitaji kufafanuliwa uzito wa jambo hilo.

Katuni ya mwaka 1979, iliyotengenezwa Shanghai, haikulikwepa. Ina dakika 65 tu, na katikati yake mtoto anajiua mvuani kwa upanga wa baba yake. Katuni ya watoto, jamani.

Halafu ikaja katuni ya Ne Zha ya mwaka 2019. Mwongozaji wake, Jiaozi, alisomea famasia kabla ya kuingia kwenye katuni, na kwa ufundi simpingi. Pale ufukweni ambapo Nezha, mtoto anayekimbiwa na kila mtu, anapata wa kucheza naye kwa mara ya kwanza, na huyo ni Ao Bing yuleyule wa kwenye riwaya, nililia. Kumfanya adui kuwa rafiki pekee ni wazo zuri kuliko la riwaya yenyewe.

Lakini baba! Li Jing wa sasa anapanga kwa siri afe badala ya mwanawe. Unamtazama, unampenda, na hapohapo ugomvi wa kisa umekufa. Mtoto mwenye baba wa namna hiyo atamrudishia mifupa kwa lipi? Ndiyo maana lawama zote zinahamishiwa mbinguni, kwa radi iliyoandikiwa kumuua akitimiza miaka mitatu. Kupigana na mbingu ni rahisi, maana mbingu hailali nyumba moja na wewe.

Ya pili, iliyotoka tarehe 29 Januari 2025, Mwaka Mpya wa Kichina, ndiyo katuni ya kwanza duniani kuingiza zaidi ya dola bilioni 2. Humo mama anamkumbatia mwanawe aliyeota miiba mwili mzima, na kwa dakika chache nilisahau malalamiko yangu. Ila ni upendo tena. Wazazi wema tena.

Riwaya haikuishia kwenye kifo. Mwalimu wake alimuumbia Nezha mwili mpya kwa mayungiyungi, na mtoto, akiwa hana tena tone la damu ya wazazi, alimkimbiza baba yake amuue, kwa sababu Li Jing alikuwa ameivunja sanamu ya mwanawe na kuchoma hekalu la mwanawe huyo. Baba alinusurika kwa kupewa mnara wa kichawi wa kumfungia mwanawe. Hadi leo sanamu za Li Jing humwonyesha ameushika mkononi, hauweki chini.

Mzee huyo mwenye mnara ndiye ninayemtaka kwenye skrini.